Unataka kusoma akaunti na fainansi kwa pamoja? Soma hii kwanza

Matokeo ya form six yakitoka tu inboksi yangu inajaa swali lile lile, kaka nisome akaunti, nisome fainansi, au nichukue ile kozi ya zote mbili? Mimi nilisoma zote mbili, digrii ya uhasibu na fedha, na jibu langu ni chukua. Ila kuna namna ya kuisoma, usipoijua utatoka chuo na cheti chenye majina mawili wakati kichwani umebaki na moja, au huna hata hilo.

Ukweli ni kwamba kozi ni moja kwenye karatasi tu. Darasani ticha wa akaunti anaingia asubuhi, anamwaga debiti krediti zake na IFRS, vile viwango vya kimataifa vya uhasibu, anaondoka. Mchana anaingia wa fainansi na mafomula yake, naye anafundisha kama yule wa asubuhi hayupo duniani. Hakuna atakayekuunganishia, na mitihani yenyewe inatungwa tofauti kwa hiyo unaweza kufaulu miaka yote bila kuunganisha chochote.

Nikupe mfano mmoja, chukua kalamu kabisa tupige wote. Tuseme mtu anataka kununua mashine ya kufyatua matofali kwa shilingi milioni 10, itafanya kazi miaka 5 halafu haina thamani tena. Kila mwaka anauza matofali ya milioni 6, na simenti, mchanga, umeme na vibarua vinakula milioni 3. Mtu wa akaunti anagawa ile milioni 10 kwa miaka 5, anapata uchakavu wa milioni 2 kwa mwaka, anautoa, inabaki faida ya milioni 1. Kodi ya kampuni kwetu ni 30%, toa laki 3, faida halisi laki 7. Kila mwaka laki 7, miaka 5 ni milioni 3 na nusu. Biashara nzuri, si ndiyo?

Sasa mlete mtu wa fainansi. Cha kwanza anairudisha ile milioni 2 ya uchakavu, kwa sababu hakuna mtu aliyeitoa mfukoni mwaka huo, hela ilitoka siku mashine iliponunuliwa. Kwa hiyo keshi inayoingia ni milioni 2 na laki 7 kwa mwaka. Halafu anauliza, hela hii ingewekwa sehemu nyingine ingezaa asilimia ngapi? Tuseme 15%. Akizirudisha zile milioni 2.7 za miaka 5 kwenye thamani ya leo (ya mwaka wa kwanza anagawa kwa 1.15, ya pili kwa 1.15 kwa kipeo cha 2, hivyo hivyo hadi kipeo cha 5, halafu anajumlisha) anapata kama milioni 9 na elfu 50 hivi. Mashine ni milioni 10. Yaani NPV, ile thamani ya leo ya keshi ukishatoa bei ya mashine, ni hasi, karibu laki 9 na nusu zimepotea, usinunue!

Mashine ile ile, namba zile zile, mmoja anaonyesha faida kila mwaka na mwingine anasema utapata hasara, na wote wako sahihi kwa sababu hawajibu swali moja. Akaunti inakwambia mwaka ulikwendaje, fainansi inakuuliza kama hela ilistahili kwenda huko toka mwanzo. Ukiielewa hii wiki ya kwanza unakuwa mbali kuliko wengi wanaokariri fomula ya NPV hadi mwaka wa tatu bila kujua kwa nini uchakavu unarudishwa. Na hapo sijamleta mtu wa kodi, maana TRA, mamlaka ya mapato, hawaangalii uchakavu wako wa kwenye vitabu, wana madaraja yao, kompyuta kwa mfano iko daraja la kwanza, 37.5% ya thamani iliyobaki kila mwaka. Ndiyo maana mbele utakutana na kodi iliyoahirishwa, kiwango cha IAS 12, mada inayolaza watu na viatu, kumbe chanzo chake ni hicho tu, vitabu vyako na vya TRA havichakazi mali kwa mwendo mmoja.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huu, tafuta kampuni moja iliyo kwenye soko la hisa la Dar es Salaam, DSE, shusha ripoti yake ya mwaka (ni bure, ziko kwenye tovuti zao) na uishi nayo miaka yote mitatu. Kila mada mpya unaenda kuitafuta humo. Umefundishwa mikataba ya upangaji, IFRS 16, nenda kaone wao wameandikaje. Umefundishwa gawio, kaangalie walilipa ngapi kwa hisa na faida kwa hisa ilikuwa ngapi. Wengi wanakimbilia CRDB au NMB kwa sababu ndio majina wanayoyajua, mimi nakwambia usianze na benki, hesabu za benki zimekaa kinyume, mkopo ni mali na amana ya mteja ni deni, utachanganyikiwa bure. Anza na kiwanda, Twiga Cement inafaa sana, ina mali ghafi, ina stoo, ina mitambo, yaani vile vitu unavyofundishwa darasani vyote vimo. Na usianzie kwenye faida, anzia kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha halafu uende kwenye yale maelezo ya nyuma yenye maandishi madogo, huko ndiko mambo yalipo.

Kwenye ukaguzi mwalimu wako bora ni ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inayotoka kila mwaka. Watu wanaisoma kutafuta nani kala hela, wewe isome kuangalia hoja imejengwaje, kwa nini huyu kapewa hati safi na huyu hati yenye mashaka.

Desa, yaani notsi za kupeana, na pepa za nyuma tumia, sikatai, bila pepa za nyuma sapu, ule mtihani wa kurudia, inakuhusu. Ila akaunti haisomwi kwa macho. Ukiangalia swali lililofanywa unaona kila kitu kinaeleweka, funga desa ufanye mwenyewe uone kama mizania inabalansi. Diskasheni za usiku ziwe za watu wanne hivi, wakifika kumi inageuka kijiwe.

Fildi nayo, yale mafunzo ya vitendo kazini, usikubali kumaliza ukipanga mafaili na kutumwa vocha. Omba wakupe usuluhishi wa benki hata wa mwezi mmoja, taarifa ya benki huku, kitabu cha fedha huku, uanze kutafuta hundi iliyoandikwa haijafika benki na makato ambayo hakuna aliyeyaingiza. Inachosha, lakini ni kazi wanayoweza kukuamini nayo, na ukiingia kwenye usaili unakuwa na kitu cha kusimulia. Excel ujue kabla ya kwenda huko, usisubiri kufundishwa.

Kuhusu CPA, cheti cha uhasibu cha kitaaluma, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba. Ukishamaliza digrii ingia haraka kabla kichwa hakijapoa, ukianza kazi ukasema nitafanya mwakani, mwakani haifiki. Kama moyo wako uko kwenye uwekezaji kuna CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ngazi tatu, ila ada yake ni ya dola kwa hiyo jipange. Na ajira za mwanzo kwa hapa kwetu nyingi ni za upande wa akaunti, hata kama ndoto yako ni fainansi usiidharau.

Wale wa HGE (historia, jiografia na uchumi) mnaoogopa hesabu, hisabati ya humu ni aljebra na takwimu, hakuna maajabu. Nunua kalkuleta ya sayansi mapema, ile yenye kitufe cha vipeo, uizoee hadi vidole vijue vyenyewe, maana simu haiingii chumba cha mtihani na 1.15 kwa kipeo cha 5 huwezi kuipiga kichwani.