Programu "inaandikia faili" au "inaandika katika faili"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natengeneza programu ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Masasi. Inapokea uzito wa mizigo ghalani na kuuhifadhi katika faili la XML, yaani faili la maandishi linalopanga data kwa lebo. Kwenye mwongozo nimesema: "Programu inaandikia faili elementi na atributi." Mwenzangu anataka "inaandika faili". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amekaribia. "Inaandika faili" yafaa pale programu inapotoa faili zima kwa mkupuo. Kama inaongeza kipande kimoja kimoja, sema "inaandika elementi katika faili", au "kwenye faili". Hilo lako sarufi hailikatazi, ila faili linageuka mtu wa kupokea barua. Shangazi tunamwandikia, faili hatuliandikii.

Hata hivyo kauli ya kutendea usiitupe. Huonyesha pia kifaa na mahali, kama katika kalamu ya kuandikia na chumba cha kulalia. Basi "faili la kuandikia" ni sawa kabisa, na alama mbili zinazozunguka elementi, yaani kipande kimoja cha data katika XML, ziite "lebo ya kufungulia" na "lebo ya kufungia".

Kinachonisumbua zaidi ni hilo "elementi na atributi", kana kwamba ni vitu viwili vinavyofuatana. Tazama:

<mzigo kilo="80">Newala</mzigo>

Kilo ni atributi, yaani sifa ya elementi, nayo imo ndani ya lebo ya kufungulia. Newala liko kati ya lebo mbili. Ukitangulia kuandika Newala, lebo ya kufungulia imeshakamilika, na maktaba za programu (msimbo ulioandikwa tayari kwa matumizi ya wengine) zinazoandika XML hatua kwa hatua kwa kawaida hukataa atributi inayochelewa. Sentensi yako haimwambii msomaji lolote kuhusu hilo. Andika: "Fungua elementi, uandike atributi zake, ndipo uweke maandishi, kisha uifunge." Hiyo "ndipo" ndiyo inayobeba sharti. Na baada ya amri ya kwanza Kiswahili hupenda "uandike, uweke". Amri tupu nne mfululizo zinaeleweka, lakini zinakwaruza.

Ngeli: faili hili, mafaili haya, elementi hii, elementi hizi. Wapo wanaosema "faili hii", sigombani nao, mradi ushike moja mwongozo mzima.

Usiandike pia "atributi ya kwanza" na "ya pili". Katika XML mfuatano wa atributi ndani ya lebo hauna maana, na jina moja haliruhusiwi kurudiwa katika lebo hiyo hiyo. Itaje kwa jina lake: "atributi ya kilo", "atributi ya daraja".