Kwa wadogo zangu wa Kisumu mnaotaka kusoma ng'ambo

Wengi wanaonijia kuuliza habari za kusoma ng'ambo huanza na pesa. Kazi zipo? Kwa saa wanalipa ngapi? Ukimaliza unaruhusiwa kubaki? Ni maswali ya haki, hasa kwa mtu ambaye karo yake hutoka kwenye ng'ombe wa babu na michango ya mashangazi, nami habari za pesa nitazifikia. Lakini mimi niliyesoma shahada ya kwanza hapa nyumbani na ya pili Ujerumani, faida ninayoila mpaka leo sikuipata kazini. Niliipata darasani, na katika ushauri wote niliopewa kabla ya kusafiri hakuna aliyenidokezea kwamba ndiko nitakakoikuta.

Sisi tumelelewa kumsikiliza mwalimu. Mhadhiri anasoma, tunaandika, na siku ya mtihani tunamrudishia maneno yake. Simlaumu, ukipewa ukumbi wa watu mia tatu na kipaza sauti kibovu, utafundishaje? Kule nilikuta semina. Watu wachache mezani, makala mmeisoma kabla ya kuingia, na profesa anafungua kwa kuuliza mwandishi amekosea wapi. Nilikotoka, ukiona kitabuni kitu hakiingii akilini, unajua ni wewe hujaelewa. Kumbe kazi ya mwanafunzi ni kumbana mwandishi: data yake ameitoa wapi, kapima nini, kaacha nini, anayempinga ni nani.

Mkenya mgeni hunyamaza wiki za kwanza kwa adabu. Kule kimya chako hakihesabiwi kuwa adabu, watakuchukulia kwamba hukusoma. Kwa hiyo ingia darasani na swali moja uliloliandika usiku, uliulize mapema kabla wazungumzaji hodari hawajashika mkutano, kisha ukae utulie. Baada ya mara mbili tatu hutahitaji karatasi. Kiingereza chako kisikutie hofu pia. Hapo mezani kutakuwa na Mvietinamu, Mbrazili na Mjerumani, na wote watatu wanakitafuta kama wewe.

Usishtuke na alama. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, na 5.0 umeanguka. Kijana mmoja wa kwetu alipata 1.3, na mama yake huku nyumbani akaanza kufunga na kuomba.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Nilisomea usimamizi wa maji. Siku moja somo lilikuwa mimea vamizi, na mfano uliokuwa ukutani ni Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Wenzangu walikuwa wamesoma: magugu maji yalionekana upande wetu wa ziwa mnamo 1990 hivi, kufikia 1998 yalikuwa yamefunika maelfu ya hekta za ghuba, na wadudu aina ya fukusi walikuwa wameletwa kuyala. Yote sawa. Lakini walipofika kwenye swali la kwa nini watu wa ufukweni hawakubaliani kuhusu kuyaondoa, meza nzima ilinyamaza. Mimi nilijua. Nilijua boti hukwama vipi ufukweni Dunga upepo ukigeuka, samaki hupanda bei vipi soko la Kibuye, na kwamba mvuvi anayeyalaani magugu yale ana jirani anayeyavuna, anayakausha na kusukia viti vya kuuza. Profesa aliweka kalamu chini akaniambia niendelee.

Tangu hapo nikaacha kujiona mtu aliyekwenda kuokota elimu ya wengine. Ulichokulia nacho ni elimu pia, ila nyumbani hakuna anayekushangaa kwa kukijua. Wewe wa Njoro unajua ngano na mzozo wa msitu wa Mau. Wa Mumias anajua mkulima hufanya nini kiwanda cha sukari kinapochelewesha malipo. Kabla ya kuondoka, chukua wiki kadhaa utembee kwenu kama mgeni: piga picha, ongea na wazee, omba ripoti ofisi ya kaunti, ukaulize watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, hapa Kisumu wanashughulikia nini. Tasnifu yako itatoka humo. Ukirudi kukusanya data, kumbuka leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na uiombe mapema.

Watu wa Nyanza hawakuanza jana kusafiri kwa ajili ya shule. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa akiwatafutia vijana nafasi katika nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki na kwingineko. Mwanawe Raila alisomea uhandisi Magdeburg, iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Wazee wa kizazi kile wapo bado, waulize. Ila wakikuambia kwamba waliporudi kazi ziliwangoja, wasikilize ukijua nyakati zao. Nchi ilikuwa imepata uhuru 1963, Waingereza wanatoka maofisini, viti vitupu. Leo ukirudi na cheti cha Leeds au Leipzig utakaa benchi moja la usaili na aliyesoma Maseno na aliyesoma Egerton, na mwenye kampuni atataka kuona unachoweza kufanya. Ndiyo maana nawasumbua na habari za semina. Aliyekwenda ng'ambo akafungiwa chumbani na Wakenya wenzake, akafaulu mitihani na kurudi, amepata cheti tu, na cheti hata hapa kingepatikana kwa bei nafuu.

Tena si lazima uende kwa shahada nzima. Vyuo vyetu vina makubaliano na vyuo vya nje, na mwanafunzi anaweza kwenda muhula mmoja kisha akarudi kumalizia kwao. Kitivo cha tiba cha Moi, Eldoret, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana tangu 1989. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya huwachukua wanafunzi kwa miezi kuanzia miwili hadi kumi na miwili, chuo cha wenyeji hakikutozi karo, na unapewa posho. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa mtu wa mwaka wa pili au wa tatu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu tangazo hubandikwa kwenye ubao ambao hakuna anayeusoma. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, ubishe hodi.

Ukiipata nafasi hiyo, hakikisha kabla ya safari kuna makubaliano ya masomo yaliyotiwa sahihi na pande zote: kozi gani utafanya kule, na ipi itahesabiwa badala ya ipi huku. Muhula mmoja wa Ulaya ni krediti 30. Usiporudi na karatasi ya matokeo mkononi, ukaacha vyuo viandikiane vyenyewe, unajua hadithi ya alama zinazopotea katika vyuo vyetu; hapo zitakuwa zimepotelea mabara mawili.

Na ng'ambo si Ulaya peke yake. Mtu wa Busia au Malaba anavuka kwa kitambulisho tu na kuingia Uganda, ambako Makerere imekuwapo tangu 1922. Atakutana na mtaala mwingine na majirani waliosoma historia hiyohiyo kwa upande wao. Wanaocheka kwamba hiyo si ng'ambo hawajawahi kupanga chumba Wandegeya, mtaa ulio jirani na Makerere.

Pesa, sasa. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, bali ada ya muhula. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Wazazi husikia 'bure' wakashangilia, kisha wakaambiwa habari ya akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 unatakiwa uonyeshe yuro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, nawe utakuwa ukizitoa kidogo kidogo kila mwezi. Ni pesa zako za kula, lakini lazima ziwepo kabla ya viza. Cheti cha KCSE pekee kwa kawaida hakikuingizi chuo kikuu cha huko moja kwa moja. Utapitia mwaka wa maandalizi, au uanzie chuo cha hapa kwanza. Kazi unaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo kwa wanafunzi wengi wa shahada, na Marekani ni saa hizohizo, tena ndani ya chuo. Kazi hizo zinalipa chakula na nauli. Mtu akikuambia zitalipa karo ya Marekani na kujenga nyumba Nyakach kwa wakati mmoja, mwulize yeye alijenga lini.

Ufadhili upo: DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, ina ofisi Nairobi, Chevening ya serikali ya Uingereza hulipia mwaka mmoja wa uzamili Uingereza kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi, na wanaojua Kiswahili vizuri wachunguze mpango wa Fulbright wa serikali ya Marekani unaowapeleka walimu vijana kusaidia kufundisha lugha vyuoni Marekani huku nao wakisoma. Kwa maombi ya Chevening hulipi chochote. Wakala akitaka 'ada ya kushughulikia' kwa namba yake binafsi ya M-Pesa, simama hapo. Sakata ya mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada, iliyolipuka 2023, iwafunze: wazazi walisema wamelipa, vyuo vikasema karo haijafika, na watoto walikuwa tayari wako kwenye baridi. Lipa chuo chenyewe, kwenye akaunti yake, na uthibitishe na chuo kwamba imefika.

Kuhusu harambee, nitasema kwa ufupi kwa kuwa kila ukoo una yake. Waliokuchangia watakupigia simu kabla hujajua duka la mkate liko wapi. Kaa na baba na wajomba kabla ya kuondoka, mbele ya watu, mkubaliane kwamba mwaka wa kwanza hutumi kitu. Likisemwa kikaoni lina uzito. Likisemwa baadaye kwa simu linaonekana majivuno.

Desemba kaskazini mwa Ujerumani jua linazama karibu saa kumi jioni. Sisi wa hapa Ikweta, ambao machweo yetu hayasogei sana mwaka mzima, giza lile hutuvunja moyo kuliko baridi yenyewe. Toka nje mchana hata kama huna pa kwenda, tafuta watu wa kula nao, na ukizidiwa umwone mshauri wa chuo. Huduma hiyo ipo na haikuharibii jina.

Ukimaliza, cheti chako kipelekwe Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kikatambuliwe. Kama ni uuguzi, tiba au uhandisi, baraza la taaluma yako lina masharti yake, na yasome sasa kabla hujachagua chuo, kwa maana kozi nyingine hazitakubaliwa hata ukizimaliza kwa heshima. Pasipoti unaweza kuiombea kwenye eCitizen na kupigwa picha hapa Kisumu, Nakuru au Eldoret. Ianze kabla ya mambo mengine. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza Oktoba na vyuo vingi hufunga maombi tarehe 15 Julai, vingine mapema zaidi kwa wageni. Barua mbili za wahadhiri zitahitajika, na mhadhiri wetu ukimwomba Juni atakuandikia Septemba, kwa hiyo mwombe Januari, umkumbushe Machi.