Usinionyeshe tochi, nionyeshe regulata

Safari hii barua nyingi zinauliza juu ya seti za kuchomelea kwa gesi za mtumba. Nyingine zinarudia yale yale, na nitajibu kwa urefu unaostahili.

Nimepata seti ya oksijeni na asetilini iliyotumika, lakini inang'aa kama mpya. Niangalie nini kabla ya kulipa?

Huko kung'aa ndiko kunakonitia wasiwasi. Shaba ya njano iliyokaa karakanani miaka mingi hufubaa. Ikiwa inang'aa basi kuna mtu ameisugua, na ni juu yako kujua ameisugua kwa nini. Kama alipitisha kitambaa chenye mafuta, amekuuzia moto. Oksijeni ya mtungi uliojaa iko kwenye presha ya bar 150 au zaidi, na mafuta au grisi ikikutana nayo huweza kuwaka bila kiberiti. Mulika kurunzi ndani ya mdomo wa regulata ya oksijeni (kifaa kinachofungwa kwenye mtungi kupunguza presha yake), kisha upanguse kwa karatasi nyeupe kavu. Karatasi ikitoka na doa la mafuta, irudishe seti mezani, aga, uende zako.

Wanunuzi wengi huitazama tochi, yaani kile cha kushika mkononi kinachotoa mwali: mpini, nozeli ngapi, sanduku zuri. Tochi ni kitu cha mwisho. Nozeli hununuliwa, oringi (pete za kuzuia uvujaji) hubadilishwa. Pesa yako na uso wako viko kwenye regulata. Mwambie muuzaji aifunge kwenye mtungi mbele yako. Kwanza legeza skrubu ya kurekebishia mpaka izunguke bure. Simama pembeni, usikae mbele ya geji, ufungue mtungi polepole. Valvu za tochi zikiwa zimefungwa, kaza skrubu mpaka geji ya upande wa mpira unaopeleka gesi kwenye tochi isome bar 2 (hiyo ni ya oksijeni, ya asetilini nusu bar inatosha). Halafu uutazame mshale dakika tano bila kugusa kitu.

Niliwahi kununua seti safi kiasi cha kumtia mtu tamaa. Nikaiweka kwenye 2, nikageuka kutafuta spana. Niliporudi mshale ulikuwa umepita 3 na bado unapanda, taratibu kama mkono wa saa. Kiti cha valvu ya ndani kilikuwa kimekwisha. Regulata ya namna hiyo haisikiki wala hainuki, inapandisha tu presha kwenye mpira wakati wewe unakunywa chai. Muuzaji akikataa kipimo hiki, toa kwenye bei yake gharama ya regulata mbili mpya. Na mipira iliyotumika usiilipie kabisa. Ikunje uone inavyopasuka nyufa ndogo ndogo, kisha nunua mipya.

Nati ya mpira wa asetilini inagoma kufunga. Niipake grisi kidogo?

Grisi, hapana. Na unaizungusha upande usio wake. Mipira ya gesi inayowaka hufungwa kinyume, ndiyo maana nati zake zina mikato pembeni. Nimeshalijibu hili mara nyingi, someni.

Kwa kukata chuma kinene naweza kupandisha asetilini hadi psi 25?

Huwezi. Mwisho wake ni psi 15, yaani kama bar 1. Ikizidi hapo, asetilini iliyo huru huweza kujivunja yenyewe na kulipuka, hata kama hakuna chembe ya oksijeni. Ndani ya mtungi inavumilia presha kubwa kwa sababu imeyeyushwa kwenye asetoni iliyofyonzwa na kitu chenye vitundu kama sifongo. Gustaf Dalén, Mswidi aliyeitumia gesi hii kuwashia minara ya taa, alipofushwa na mlipuko wa asetilini mwaka 1912 akiwa kwenye majaribio. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia, na ndugu yake ndiye aliyekwenda kuipokea. Huyo alikuwa bingwa wa gesi hii. Wewe na mimi je?

Chuma kinene kinataka nozeli kubwa na oksijeni zaidi, kwa sababu kinachokata ni oksijeni inayounguza chuma. Asetilini kazi yake ni kukipasha moto tu. Lakini nozeli kubwa kwenye mtungi mdogo hufyonza asetoni pamoja na gesi. Usivute zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gesi iliyomo mtungini kwa saa.

Seti inauzwa na mitungi yake miwili. Si nafuu hiyo?

Nafuu kwa muuzaji. Mitungi mingi ni ya kukodi, na jina la kampuni yenye mali limegongwa begani. Bila karatasi za umiliki unaweza kunyimwa gesi unapokwenda kujaza, na pengine mtungi ukabaki hukohuko. Tafuta pia tarehe ya kupimwa mara ya mwisho, nayo hugongwa hapohapo. Ukinunua, usiubebe ndani ya gari lililofungwa vioo. Ule wa asetilini ukisafiri umelala, usimamishe na uuache utulie angalau kwa muda uleule uliolala kabla ya kuutumia.

Tochi ina valvu za kuzuia gesi kurudi. Bado nahitaji vizuia moto, vile vya kuzuia mwali usirudi ndani?

Ndiyo. Valvu hizo huzuia gesi, moto hauzijali. Nunua vipya, kimoja kwa kila regulata.

Naweza kutumia gesi ya kupikia badala ya asetilini?

Kwa kukata na kupasha moto, vizuri kabisa. Kwa kuunga chuma, sahau. Nozeli zake ni tofauti, na mpira wa daraja R, ule wa asetilini, huharibiwa na gesi hiyo, kwa hiyo tafuta daraja T. Kumbuka pia kuwa ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatulia sakafuni na kwenye shimo la gereji, inangoja cheche.

Rafiki yangu hupima uvujaji kwa kiberiti. Ni sawa?

Tafuta rafiki mwingine. Na utumie maji ya sabuni isiyo na mafuta.

Mpira wa asetilini ni mfupi. Niurefushe kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu nililonalo?

Afadhali umeuliza kabla. Asetilini na shaba nyekundu hufanya chumvi ambayo ikikauka hulipuka kwa kuguswa tu, nawe utakuwa umeitengeneza kwa mkono wako. Unga mpira kwa kiunganishi cha dukani: shaba yake ya njano ina mchanganyiko mwingine, na kiunganishi chenyewe hakizidi kidole kwa urefu. Au sogeza mitungi.