Afande akisema "fungua buti"

Polisi anaweza kupekua gari langu bila kibali cha mahakama? (Msomaji, Nakuru)

Anaweza, akiwa na sababu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu kusimamisha na kupekua gari analoshuku, kwa sababu, kwamba limebeba mali ya wizi. Taa ya nyuma iliyoungua ni kosa la trafiki, haimpi ruhusa ya kuchakura buti. Muulize kwa adabu: "Afande, unashuku nini?" Wengi wenu hamuulizi. Mnafungua kila kitu, kisha jioni mnaniandikia mmeonewa.

Juzi usiku mimi nilimulikwa tochi usoni, nikaulizwa gunia la nyuma lina nini. Viazi. Nilipouliza anashuku nini, alizunguka akatazama tairi, akanirudishia leseni.

Akishikilia lazima apekue?

Sema hukubali, kisha mwache apekue. Usimshike mkono wala usiegemee mlango, maana kumzuia afisa kazini ni kosa jingine. Alichopata kwa kukiuka haki zako, wakili wako ataomba kitupwe nje chini ya Kifungu cha 50(4) cha Katiba.

Afisa mwanamume anaweza kumpekua mke wangu mwilini?

Hapana. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, tena kwa staha.

Polisi alinisimamisha kwa kosa la mwendo kasi, kisha akaniambia nimfungulie simu aone WhatsApp.

Alikusimamisha kwa mwendo kasi, WhatsApp inaingiaje? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yako. Mpe leseni, simu irudi mfukoni.

Nilimpa mia mbili asipekue. Nina kosa?

Hili nalijibu kila mwezi, nami nimechoka. Ndiyo, una kosa! Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji kama mpokeaji. Zamani noti ilijificha ndani ya kile kijitabu chekundu cha leseni. Leseni ilipokuwa kadi, imehamia kiganjani. Na kama huna kitu ndani ya buti, mia mbili ilikuwa ya nini? Kesho atamsimamisha jirani yako kwa sababu wewe ulilipa.

Hakuwa na jina kifuani.

Afisa aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au nambari inayoonekana. Usigombane naye hapo barabarani. Andika saa, mahali na nambari ya gari lao, kisha peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.