Elsa, mdogo wake Ana

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa Ana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama ile filamu ya katuni, Frozen, imeshazeeka kiasi kwamba mtoto anaweza kuitwa Elsa bila kuimbiwa wimbo wa barafu kila anapopita. Mumeo anataka jina la marehemu mama yake, wewe mwenyewe unalipenda, lakini kila mnayemtajia anainua mikono kama anayerusha theluji.

Haijazeeka. Ilitoka Novemba 2013, ya pili ikaja 2019, na ya tatu imekwisha kutangazwa. Kila inapotoka mpya, watoto wa miaka minne ambao hawakuiona ya kwanza wanaanza na zote. Ukisubiri isahaulike, huyo aliye tumboni atakuwa anasoma na kuandika. Hilo halinitii hofu. Linalonitia hofu hukuliuliza, nalo ni Ana.

Filamu ile ni ya ndugu wawili, Elsa na Anna. Jina moja likilingana na la mhusika, watu hulitaja siku ya kwanza, na wakishaizoea sura ya mtoto wanaliacha. Majina mawili ndani ya nyumba moja hakuna atakayeamini kuwa yamekutana tu. Watasema mliikusudia filamu, na hamtapata nafasi ya kumweleza kila mpita njia kwamba hili ni jina la mama yangu mimi na lile ni la mama yake mkwe wangu. Tena kwenu mkubwa ni Ana, na kwenye filamu mkubwa ni Elsa. Watoto hawaachi kosa kama hilo lipite. Ana amekaa na jina la mama yangu miaka sita bila mtu kumuuliza lolote, na siku mdogo wake atakapozaliwa jina lake nalo litabadilika maana, ingawa herufi zitabaki zile zile.

Lakini nikisema hivyo najipinga mwenyewe, kwa sababu Elsa ni jina lenye mizizi. Ni Elisabeti lililofupishwa, na lilikuwepo kabla ya katuni kubuniwa. Sisi wa umri wangu ukitutajia Elsa tunamwona simba jike, yule aliyelelewa na Joy na George Adamson nchini Kenya kuanzia 1956, akafa 1961. Kitabu chake kilitoka 1960 na filamu 1966. Mama mkwe wako aliulizwa habari za simba huyo mpaka akazoea, na alijibu kwa upole kila mara. Leo ni nani anayemkumbuka Bi. Elsa kwa ajili ya simba? Kwa hiyo jina hili limeshavaa vazi moja likalivua. Litalivua na hili.

Kuna majina yaliyozaliwa ndani ya hadithi kabisa, na hadithi ikafutika. Madison kama jina la msichana lilianzia kwenye filamu ya 1984, ambamo nguva analisoma kwenye kibao cha barabara New York na kuambiwa kwamba hilo si jina. Mwaka 2001 lilikuwa la pili kwa wasichana Marekani. Vanessa alilibuni Jonathan Swift katika shairi lililochapishwa 1726. Wanaoitwa hivyo leo hawaulizwi habari za nguva wala za Swift.

Kwa hiyo usipime umri wa hadithi peke yake. Kwanza pima kama imekwisha. Wazazi waliowaita mabinti zao Khaleesi walichukua cheo cha malkia wa Game of Thrones, tamthilia ya televisheni iliyoanza 2011, wakampenda kwa kuwaweka huru watumwa. Mei 2019, katika sehemu ya mwisho kasoro moja, malkia huyo akauchoma mji uliokwisha kusalimu amri. Mtoto alikuwa tayari ana cheti. Pili, pima wangapi wengine wanalibeba jina hilo. Jina lenye maelfu ya watu humeza mhusika mmoja. Jina lenye mtu mmoja tu, mhusika ndiye analimeza. Marekani, Elsa lilipanda 2014 hadi ndani ya majina 300 ya kwanza ya wasichana, kisha likashuka. Yaani mapenzi ya filamu yalilisukuma juu, na hofu hii hii unayoniandikia wewe ikalirudisha chini.

La tatu ndilo zito kuliko yote: je, jina lina kibwagizo? Kinachomchosha mtoto si sura ya mhusika, ni maneno yaliyo tayari mdomoni mwa watu. Mimi nasema siku zote, na wewe umeshanisikia mpaka umechoka: jina ni la kuitwa, si la kusomwa. Anayeitwa hujibu, na asiye na nia njema humrushia kibwagizo kabla hajajibu. Ndiyo maana Alexa limewapata watu vibaya kuliko mhusika yeyote wa katuni. Tangu Novemba 2014 limekuwa neno la kuamshia spika ya Amazon inayosikiliza sauti na kutii amri, na likifuatwa na lolote, kinachofuata ni amri. Nyumbani kwako unaweza kuingia kwenye mipangilio ukabadilisha neno hilo, ukaweka Echo au Computer. Kwa jirani huwezi.

Na unajua kwa nini nalishikilia hili. Katrina wa shangazi yako alikuwa na miaka tisa kimbunga kile kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani, Agosti 2005. Hakuna aliyemchukia. Ni mwalimu mmoja tu aliyesema, Katrina alipoingia darasani, "Kimbunga kimetua." Watoto wakacheka, na kesho yake wakasema wao. Jumapili akaja kwetu, mtu akasema tena pale mlangoni, na sisi watu wazima sote tukacheka. Sote, mwanangu. Baada ya wiki chache akawa anafunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, asisikike. Mpaka leo anaufunga hivyo. Mwangalie siku mkikutana. Shirika la hali ya hewa duniani, ambalo hurudia orodha ya majina ya vimbunga kila baada ya miaka sita, lililiondoa Katrina, na 2011 nafasi yake ikachukuliwa na Katia. Kimbunga kilipewa jina jipya. Mtoto wetu alijaribu kutumia jina lake la pili kwa mihula miwili, akashindwa, kwa kuwa daftari la mahudhurio lilikuwa na lile la kwanza na ndilo lililosomwa kila asubuhi.

Basi fanyeni hivi kabla ya kuandika popote. Tafuteni watu kumi: watatu wawe watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, wanne wa umri wenu, watatu wa umri wangu. Msiwaulize kama wanalipenda, maana watawajibu kwa adabu. Semeni tu, "Kuna mtoto amezaliwa, anaitwa Elsa, dada yake anaitwa Ana," kisha mnyamaze. Andikeni neno la kwanza litakalowatoka, neno lenyewe, si maana yake. Siku nyingine, kwa watu wengine kumi, semeni Elsa peke yake. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo jibu la swali lako, na nadhani itakushangaza. Mkipata kicheko kimoja au viwili, puuzeni. Wakitoa maneno yale yale saba kati ya kumi, hicho ni kibwagizo na kitamfuata.

Halafu liiteni. Mmoja akae chumba cha mwisho, mwingine aite kutoka nje: mara ya kwanza kwa utulivu, ya pili kwa haraka kama mtoto anakimbilia barabarani, ya tatu kwa hasira, ya nne kwa kumbembeleza usiku. Mwite Ana na Elsa pamoja, kwa mipangilio yote miwili. Yote mawili ni mafupi, yana silabi mbili na yanaishia na a. Ukiita kwa mbali moja, atageuka mwingine. Hili halina uhusiano na filamu, lakini litawasumbua miaka kumi na minane.

Litafuteni pia kwenye intaneti, picha na video, kwanza jina peke yake, kisha jina na la baba yake. Jina peke yake litaleta gauni la buluu, hilo tunalijua. La pili ndilo la kuangalia, kwa sababu ndivyo atakavyotafutwa akiwa mtu mzima.

Kuhusu kuandika Elza ili litofautiane, usijisumbue. Jina ni la kuitwa, si la kusomwa: sikio halioni z, na mtoto atabaki na utani ule ule pamoja na kazi ya kusahihisha herufi kwenye kila fomu. Kuliweka la pili ni bora kidogo, ila la pili hupotea kwenye fomu zenye nafasi moja. Na mkimwita nyumbani kwa la pili huku hospitali ikimwita kwa la kwanza, atakaa kwenye benchi akisubiri jina ambalo hajazoea kuliitikia. Njia ninayoiona imara ni kuandika Elisabeti kwenye cheti na kumwita Elsa nyumbani. Bi. Elsa anapata jina lake, mtoto anapata mlango wa kutokea, na akitaka kuwa Elisa au Beti baadaye hatahitaji kubadilisha karatasi yoyote. Hasara yake ni kwamba mumeo atasema hilo si jina la mama yake, na hatakuwa amekosea. Mama yake alipokuwa anaumwa, mumeo ndiye aliyekuwa akimwita Elsa, si mama, kwa sababu mgonjwa aliitika jina hilo tu. Hilo nalo silisahau ninapoandika haya.

Unaona ninavyozunguka. Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na nimelifuta mara mbili kwenye karatasi hii. Nikiwaambia, mkwe wangu atalipokea kama amri kwa vile nimetoa binti, nawe utalipokea kama ruhusa. Tena naogopa kwamba ninamlinda Katrina, ambaye ni mtu mzima sasa, kuliko huyu ambaye hata hajazaliwa. Basi nalimeza, ingawa haliteremki vizuri.

Ila Ana muulizeni mapema. Msimuulize jina analolitaka. Mwambieni watu watasema nini, na kwamba mkubwa ni yeye, kisha msikilize. Mkishaamua msiniandikie. Pigeni simu, nilisikie likiitwa, na anayeliita awe yeye.

Baba yako