Naizi alipokuwa mezani

Wahariri, swali lenu la wiki hii: kabla vijana hawajaanza kusema “kishua”, wazee walimcheka kwa neno gani mtu aliyejiona wa maisha ya juu, na neno hilo lilitoka wapi? Neno lilikuwa naizi. Nina miaka 69, na hadi leo nikilisikia nauona mlango wa jikoni.

Asili yake haina fumbo. Baada ya Uhuru wa Tanganyika wa 1961, nafasi za Wazungu maofisini zilianza kushikwa na Waafrika, na sera hiyo kwa Kiingereza ikaitwa Afrikanaizesheni. Neno refu mno. Mtaani likakatwa kichwa, ikabaki naizesheni. Likakatwa na mkia, ikabaki naizi, jina la Mwafrika aliyepewa kiti cha Mzungu. Tazameni kilichodondoka njiani: Afrika yenyewe. Januari 1964 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sera imekwisha, kazi za serikali zitazame uraia wa mtu, si rangi yake. Sera ikafa, neno likabaki mitaani.

Hayo ni ya lilikotoka. Mimi nataka kusema lilimpata nani.

Lilimpata baba yangu. Alikuwa karani Tanga, tukiishi Ngamiani, vyumba viwili, watu wanane. Mwaka 1965 bosi wake Mzungu aliondoka, baba akapewa kiti chake na nyumba yake Raskazoni. Nilikuwa na miaka tisa. Kutoka barazani niliziona ngalawa zikiingia. Tulikuwa na meza ya kulia, kitambaa cheupe juu yake, uma na kisu, na mtumishi aliyerithiwa pamoja na nyumba. Saa saba na nusu mchana tulikula, na hapakuwa na kuongea.

Jumamosi moja tukiwa mezani, mlango ukabishwa hodi. Mtumishi akaenda kufungua. Tukamsikia akisema, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa na wenyewe waliotangulia: “Wageni wa hivi wanapita nyuma, mzee.” Nikaijua sauti iliyojibu. Alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyemlea tangu babu alipofariki. Baba naye aliijua. Nilimtazama usoni. Uma ulisimama hewani kidogo, halafu akaendelea kula. Mama akasema taratibu, “Baba fulani, si kaka yako huyo?” Akajibu, “Atapita nyuma, tutamkuta.”

Hakupita nyuma. Nilipoomba ruhusa kuondoka mezani na kukimbilia barazani, nilimkuta ameinama, kanzu ameikunja magotini, anamfunga jogoo kwenye nguzo. Pembeni pakacha la machungwa ya Muheza. Alikuwa ametembea na mzigo ule kutoka Ngamiani, juani. Nikamwamkia, “Shikamoo baba mkubwa.” “Marahaba, mwanangu.” Akanipangusa jasho la pua kwa kidole chake, akasema: “Naizi akimaliza kula, mwambie kuku wake yupo hapa.” Akashuka ngazi. Sikuwa nalijua neno lile. Nilidhani ni cheo kipya cha baba, nikalipeleka mezani kwa fahari.

Baba hakunipiga. Aliinuka, akatoka hadi barabarani, akarudi peke yake. Jogoo alilala pale nguzoni usiku huo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumgusa.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema neno hili lizikwe. Lilikuwa neno la wivu. Mshahara uleule wa naizi ulisomesha watoto sita wa ndugu, wawili wao wa baba mkubwa mwenyewe. Waliomcheka dirishani walikuja usiku kuomba karo, na walipewa. Tena Azimio la Arusha lilipokuja Februari 1967, likakataza kiongozi kupangisha nyumba, baba alikuwa amejenga vyumba sita Barabara ya 12. Aliviandikisha kwa jina la baba mkubwa, na wajukuu wa baba mkubwa wamo humo mpaka leo. Mama alishikilia kwamba alitoa kwa mapenzi. Azimio nalo lilikuwa limemkaba. Huenda yote mawili ni kweli.

Lakini nimemaliza kukisimulia kisa cha jogoo na sioni neno jingine ambalo baba mkubwa angetumia. “Mchoyo” lingekuwa uongo. “Mwenye kiburi” lingekuwa dogo. Baba alikuwa amepewa nyumba, na pamoja na nyumba akapewa mlango wa nyuma wa kupitishia watu weusi, naye akauacha ufanye kazi ileile. Naizi lilisema hilo lote kwa silabi tatu.

Leo nasikia “kishua” na “mtoto wa geti kali”, na anayeitwa hivyo anatabasamu. Hakuna anayeumia. Mageti yameandikwa “Mbwa mkali”, na shangazi wa Handeni anapiga simu akiwa nje, akisubiri kwanza atambuliwe na mlinzi.

Kwa hiyo, wahariri, nasema lirudi. Asiitwe hivyo mtu kwa sababu ya pazia, wala kitambaa cha meza, wala mwanamke kwa kuvaa viatu vya kisigino. Kwa hayo lilionea wengi, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Aitwe yule anayeisikia sauti ya kaka yake mlangoni na kuendelea kula.