Chokleti ikiwa bado ina jasho, usiifunge foili

Jamani mnaotengeneza chokleti za zawadi nyumbani, naomba mnisikilize hapa maana hili liliniuma sana. Idi ya mwaka jana nilitengeneza vipande 60 vya kupeleka ukweni Bagamoyo, vikalala friji usiku kucha, asubuhi nikavitoa na kuanza kuvifunga hapohapo vikiwa vya baridi kwa sababu tulikuwa tunachelewa gari. Tumefika, wifi yangu kafungua cha kwanza, juu kina mabaka meupe na kinanata vidoleni. Alikila bila kusema neno, ila mimi chakula hakikupita siku ile.

Baadaye ndo nikaelewa. Hewa ya Pwani ina unyevunyevu mwingi, chokleti ya baridi ikikutana nayo inatoa jasho kama chupa ya soda, yale maji yanayeyusha sukari ya juu, na ukishaifunga foili umeyafungia humohumo, yakikauka yanaacha unga mweupe. Haina madhara kuila, lakini zawadi gani hiyo.

Kwa hiyo sasa hivi naziweka friji ndani ya kontena lenye mfuniko wa kubana, nikitoa siligusi kontena hata saa nzima mpaka chokleti ziache ubaridi, ndo nafungua. Na nafunga usiku au alfajiri, kwa sababu mafuta ya kokoa yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, yani joto la vidole vyako tu linatosha kuharibu, ndo maana navaa glovu za pamba. Foili naikata yote kabla, mraba wa sentimita 10 kwa kipande cha sentimita 2 na nusu, ile upande wa kung'aa au wa kufifia haina tofauti yoyote, chagua unaopenda macho yako.

Foili ya jikoni inafaa ila ni ngumu kidogo na inaacha mikunjo, ile nyembamba ya rangi ya kufungia pipi inapendeza zaidi, uliza maduka ya vifaa vya keki, hakikisha ni ya chakula, usichukue karatasi ya mapambo ya steshenari hata kama inang'aa vipi. Uso wa chokleti unalala chini, unakunja kuelekea mgongoni, halafu unalainisha taratibu kwa pamba kavu.

Kama ndani umeweka pasheni au limao, tanguliza kipande cha karatasi ya kuokea kabla ya foili, asidi na alumini havipatani.

Na za krimu ndani mwambie kabisa unayempa, zikae friji kwenye kontena lilelile na ziishe ndani ya wiki.